Mtungi wa kitambaa chekundu: kisa cha maziwa ya ngamia yaliyokataliwa Isiolo

Mama mmoja anaishi kwenye boma la wafugaji lililo zaidi ya saa moja kwa pikipiki kutoka Kulamawe, kando ya barabara ya Isiolo kuelekea Modogashe, kaskazini mwa Kenya. Kila asubuhi anakusanya maziwa ya ngamia ya nyumba tano, yake ikiwemo. Anayatia kwenye mitungi ya plastiki ya lita 20, anaifikisha barabarani, na gari linaichukua hadi mjini Isiolo, mwendo wa kilomita 80 hivi. Mama mwenzake anaipokea huko, anauza kiasi na mengine anayapandisha basi la Nairobi, kwa wauzaji wa Eastleigh. Siku moja ya Februari amepeleka mitungi sita. Alasiri simu inalia. "Abaayo (dada), miwili imekataa. Ile ya kitambaa chekundu." Yaani maziwa ya mitungi miwili, yenye alama ya kitambaa chekundu, yamechacha.

Kisa ni cha mfano, hakimsemi mtu fulani. Lakini akina mama wa biashara hii watatambua kila hatua yake, kwa sababu ndivyo pesa zao zinavyopotea, mtungi mmoja leo na miwili keshokutwa.

Kwa jamii nyingi za kaskazini, ngamia ni wa mwanamume, na mara nyingi kumkama pia ni kazi ya vijana wa kiume. Maziwa yakishaingia kwenye chombo yanakuwa ya mama wa nyumba. Yeye ndiye anayepima ya watoto, ya wageni, ya kuuzwa. Ndiyo maana biashara hii, tangu bomani hadi kwenye meza za Eastleigh, iko karibu yote mikononi mwa wanawake. Ushirika wa akina mama wa Anolei mjini Isiolo, ambao wengi wa wanachama wake ni Wasomali, umekua kutokana na mnyororo huu. Mitungi mitupu inayorudi bomani haiji peke yake. Huja na sukari, majani ya chai, unga, mafuta na dawa. Mtungi ukikataliwa, kinachopungua ni sukari ya wiki hiyo.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano, maana bei halisi hupanda kiangazi na kushuka mvua zikinyesha. Mkusanyaji ananunua lita moja kwa shilingi 70. Nauli ni shilingi 200 kwa mtungi. Isiolo anauza lita kwa shilingi 100. Mitungi sita ni lita 120: mapato 12,000, ununuzi 8,400, nauli 1,200, zinabaki 2,400. Sasa miwili imekataa. Yale maziwa hayamwagwi, yanaachwa yachachuke yawe susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, na kuuzwa, tuseme, kwa shilingi 40 lita. Pungufu ni shilingi 60 mara lita 40, yaani 2,400. Faida yote ya siku imekwisha, na mitungi minne mizuri imefanya kazi ya bure. Nyumba nne alizokusanya kwao bado zinangoja malipo yao kamili, kwa sababu wao walitoa maziwa mazima.

Watu wa mjini wakisikia maziwa yameharibika, kwanza hulaumu barabara na jua. Ni kweli vyote viwili vina sehemu yao. Lakini mitungi sita ilisafiri gari moja, chini ya gunia moja, na minne ilifika salama. Jua lilikuwa lile lile. Kilichoitofautisha ile miwili kilitokea kabla gari halijafika, na hapo ndipo pa kutazama.

Ngamia hukamwa jioni wanaporudi na alfajiri kabla ya kwenda malishoni. Ndama anatangulizwa anyonye kidogo ili mama ashushe maziwa, kisha mkamaji anasimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti la mguu mwingine, na anakama upesi kwa sababu maziwa hushuka kwa dakika moja na nusu hivi, pengine mbili. Chuchu ziko nne, na mara nyingi mbili huachiwa ndama. Vumbi na manyoya huanguka ndani papo hapo. Kuna pia desturi ya kufunga chuchu kwa kamba ya gome ili ndama asimalize. Kamba ikikaza sana au ikiwa chafu, kiwele huvimba, na maziwa ya kiwele kinachoumwa huingia bakulini yakiwa tayari na vijidudu vingi. Haya yote yako mikononi mwa wakamaji. Mama anapokea bakuli, hajui mkono uliokama ulishika nini kabla yake.

Maziwa ya ngamia yana subira kuliko ya ng'ombe. Yana kinga za asili zinazozuia vijidudu kwa saa chache za mwanzo, ndiyo maana yanaweza kuvuka nyika bila barafu. Subira hiyo ina mwisho, na hesabu ya penseli inaonyesha ulipo. Tuseme maziwa safi ya alfajiri yameanza na vijidudu 1,000 kwa kila mililita. Yamekamwa saa kumi na moja na nusu, yanafika Isiolo saa saba na nusu mchana: saa nane. Kinga inashikilia kama saa tatu. Baada ya hapo, kwenye joto la mchana, vijidudu vinaongezeka maradufu karibu kila nusu saa. Saa tano zilizobaki ni mara kumi za kuongezeka maradufu, na 1,000 inakuwa takriban milioni moja. Ni vingi, lakini maziwa bado ni matamu na mnunuzi anayachukua.

Mitungi yenye kitambaa chekundu haikuanza hivyo. Tuchukue mmoja. Jioni iliyotangulia ziliingizwa ndani yake lita tano za kukamwa saa moja na nusu usiku. Usiku ni baridi kidogo, tuseme vijidudu vinaongezeka maradufu kila saa. Ondoa saa tatu za kinga, zinabaki saba hadi alfajiri, na 1,000 imekuwa 128,000. Alfajiri zikamiminwa lita 15 za maziwa mapya, yenye joto la mwili wa ngamia, juu ya zile tano. Mchanganyiko sasa una zaidi ya 32,000 kwa mililita, na sehemu ya jioni haina kinga iliyobaki. Kwa mwendo wa nusu saa nusu saa, mtungi huo unafikia milioni moja kabla pikipiki haijafika barabarani na unapita milioni 60 gari likiwa bado njiani. Ukifika Isiolo una umri wa saa 18, hata kama robo tatu ya maziwa yake yana saa nane.

Kwa nini mtu anayejua maziwa tangu utotoni achanganye ya jioni na ya asubuhi? Jibu liko kwenye nauli. Dereva anatoza kwa mtungi, hatozi kwa lita. Mtungi wenye lita 15 unalipa shilingi 200 zile zile. Tena mtungi usiojaa hupigapiga maziwa njiani, povu linapanda na kifuniko kinavuja. Mkusanyaji akiona lita 15 alfajiri na lita tano za jana ziko pembeni, mkono wenyewe unazijazia. Ushauri wa "usichanganye" umetolewa kwenye mafunzo mengi, na umeshindwa mara nyingi kwa sababu hauigusi ile nauli. Dawa yake ni mitungi ya lita 10 na lita 5 inayokubaliwa na dereva kwa nusu na robo ya nauli. Mkusanyaji mmoja akiomba hilo peke yake atachekwa. Wakusanyaji kumi wa njia moja, wenye mitungi 50 kwa siku, ndio mzigo mkubwa wa gari hilo, na dereva anajua.

Maziwa ya jioni yenyewe yana kazi zake. Ya kwanza ni watoto na wazee wa nyumbani, wanywe ya jioni ili ya alfajiri yauzwe, kinyume na mazoea ya nyumba nyingi ambapo chai ya asubuhi hupikwa kwa maziwa mapya. Yanayobaki yatengwe yawe susa kwa makusudi, kwenye chombo chake safi, kwenye kivuli, siku moja au mbili. Susa iliyokusudiwa ina uchachu safi na hupata wateja wake. Susa inayotokana na mtungi uliokataliwa mara nyingi ina harufu ya plastiki na ladha chungu, ndiyo maana bei yake iko chini. Samli si njia rahisi hapa: chembe za mafuta ya maziwa ya ngamia ni ndogo mno, kuyasukasuka upate siagi ni jasho la siku nzima kwa kipato kidogo.

Sababu ya pili ya kitambaa chekundu ni mtungi wenyewe. Mitungi hii mingi ni ile ya njano iliyokuja mjini na mafuta ya kupikia. Shingo ni nyembamba, mkono hauingii. Kuta za ndani huchubuka, na mafuta ya maziwa hukaa kwenye michubuko hiyo kama uchafu kwenye kucha. Mtungi usiosafishika unaweza kuyaanzishia maziwa vijidudu mara 100 zaidi. Kwa hesabu ile ile ya maradufu kila nusu saa, mara 100 ni zaidi kidogo ya saa tatu za safari zilizoliwa kabla ya kuanza.

Zamani chombo kilikuwa kibuyu cha kusuka, dhiil kwa Wasomali, gorfa kwa Waborana, kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa kwa vijiti vya moto vya mzeituni mwitu au mgunga. Moshi ulikausha ndani, ukaua vijidudu vingi na kuacha ladha ambayo wanywaji wengi bado wanaitaka. Plastiki haivumilii kaa la moto. Wapo wanaougeuza mtungi juu ya kijiti kinachofuka, lakini moshi unaopata ni hafifu. Tena moshi juu ya mtungi mchafu una hatari yake: unafunika harufu ya uchachu, maziwa mabaya yanapita puani kwa mkusanyaji na kugunduliwa mjini, mbali na mahali ambapo yangeweza kuokolewa.

Kuosha kuna mpangilio, na mpangilio ukigeuzwa kazi inaharibika. Anza na maji baridi, mtungi ukingali na unyevu wa maziwa, usisubiri ukauke. Wengi huanza na maji ya moto wakiamini moto unaua kila kitu. Moto unapika protini ya maziwa na kuigandisha ukutani, na utando huo ndio nyumba ya vijidudu vya kesho. Baada ya maji baridi ndipo maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, pamoja na brashi ndefu laini. Pasipo brashi, kokoto safi na ndogo zitikiswe ndani kwa dakika kadhaa, ingawa kokoto nazo huongeza michubuko. Suuza, kisha pitisha maji yanayokaribia kuchemka, na usiukaushe kwa kitambaa. Mtungi ugeuzwe mdomo chini juu ya uchanja, juani, kifuniko kikiwa kimetolewa na mpira wake umetenganishwa. Ule mpira husahauliwa sana. Ukiunusa siku ya pili utajua.

Kwa mitungi sita, lita tano za maji kila mmoja, ni lita 30 kwa siku. Punda mmoja anayebeba mitungi minne ya maji analeta lita 80. Zaidi ya theluthi ya mzigo wa punda imeenda kuosha mitungi, na Februari kisima kinaweza kuwa nusu siku kwenda na kurudi. Kuni za kuchemsha nazo zinatafutwa na mama huyo huyo. Anayesema akina mama wa maboma hawajali usafi hajajumlisha lita hizo. Nafuu iliyo rahisi ni kuoshea Isiolo: mtungi ukimwagwa, upewe maji baridi pale pale sokoni, uoshwe mahali penye bomba, urudi umekauka na kufungwa. Bomani ubakie maji ya moto ya mwisho tu, lita moja. Lakini mara nyingi mitungi inarudi michafu, imekauka juani kwa siku mbili, sukari imefungwa juu yake.

Keni za alumini zinapendekezwa kila mwaka, na kanuni za usafi wa maziwa ziko upande wake. Mdomo mpana, mkono unaingia, hakuna michubuko, moshi unakubalika. Kwa safari kati ya Kulamawe na Isiolo kwa gari ni sawa kabisa. Kati ya boma na Kulamawe ni taabu: keni ni nzito mara kadhaa kuliko mtungi hata ikiwa tupu, haifungiki vizuri ubavuni mwa pikipiki, kifuniko chake kinamwaga kwenye mabonde, na ikibondwa haizibi tena. Kisha bei yake. Mtungi ukipotea mama analia kidogo, keni ikipotea anaingia deni. Inayofaa ni kugawa safari: mitungi midogo, mipya, inayobadilishwa kabla haijachubuka sana, hadi barabarani. Hapo maziwa yapimwe, yachujwe na kuhamishiwa keni za kikundi ambazo haziondoki kwenye njia ya gari.

Kupima barabarani ndiko kunakokosekana zaidi katika kisa hiki. Mama alimimina maziwa ya nyumba tano ndani ya mitungi bila kuyapima moja moja, na tusimlaumu haraka. Moja ya nyumba hizo ni ya mama mkwe wake. Kunusa maziwa ya mama mkwe mbele yake na kuyasukuma kando si jambo dogo. Kipimo kinachofanywa kwa kila mtu, kila siku, kwa chombo kile kile, kinamwondolea fedheha hiyo, maana sasa ni sufuria inayokataa, si mkwe. Kipimo chenyewe ni cha kijiko na moto. Kijiko kikubwa cha maziwa ya nyumba moja kinachemshwa kwenye kisufuria kidogo. Yakichemka bila kuganda, yapite. Yakitoa vipande, hayaingii mtungini. Kwa nyumba tano hazipiti dakika kumi. Kila nyumba iwe na mtungi wake wenye alama yake hadi kipimo kipite, ndipo yachanganywe. Kuchuja kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa kunaondoa manyoya na majani, lakini hakuondoi vijidudu, wala kisichukuliwe kama kipimo.

Sokoni Isiolo mpokeaji naye ana njia yake. Anafungua kifuniko, anakinusa kifuniko kabla ya mtungi, anamimina kidogo ndani ya kifuniko, anayatazama yanavyoteleza ukingoni, anaonja na kutema. Mikono yenye miaka kwenye kazi hii haikosei mara nyingi kuhusu uchachu. Inakosea kuhusu maji. Maziwa ya kiangazi yakionekana mepesi, neno la kwanza ni "ameongeza maji", na neno hilo linaweza kumfungia mtu soko. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila kunywa hutoa maziwa mepesi kwa asili yake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha ngamia walionyimwa maji wakitoa maziwa yenye maji asilimia 91, kutoka 86 walipokuwa wakinywa, na mafuta yakishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1. Mwili wa ngamia unamhifadhia ndama maji wakati wa ukame. Kwa hiyo kipimo cha wepesi peke yake hakitoshi kumhukumu mtu mwezi Februari. Linganisha na maziwa ya mkusanyaji mwingine wa eneo lile lile siku hiyo hiyo. Yote yakiwa mepesi, hayo ni maziwa ya kiu.

Isiolo ina umeme, na wapokeaji wengi hutumia friza. Hapo tena hesabu inasaidia. Friza yenye nguvu ya kupoza ya wati 150 inahitaji, kwa makadirio, saa nne kuushusha mtungi mmoja wa lita 20 kutoka nyuzi 32 hadi 5. Ukiijaza mitungi sita saa nane mchana, kazi hiyo ni ya saa 24, na basi linaondoka kabla ya hapo. Kinachotokea ni kwamba maziwa ya ukutani yanaanza kuganda barafu na ya katikati bado yana joto, na vijidudu vya katikati vinaendelea. Afadhali mitungi ikae kwanza kwenye karo la maji hadi shingoni, itikiswe kila robo saa, ipoteze nyuzi kadhaa bure, kisha iingie friza miwili miwili, ile ya safari ndefu ikitangulia. Kule Kulamawe pasipo umeme wa kutegemewa, kibanda cha mkaa kinafaa: kuta mbili za waya, katikati mkaa uliojaa unene wa kiganja, bomba lenye matundu juu likidondosha maji. Hewa kavu ya huko inanyonya maji na kuchukua joto nayo. Siku za mvua, hewa ikiwa na unyevu, kibanda hicho hakisaidii sana. Kwenye gari, gunia lililoloweshwa juu ya mitungi linafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo, mradi liloweshwe tena njiani. Gunia lililokauka ni blanketi.

Turudi kwenye simu ya alasiri, maana hasara ina mgawanyo wake na mgawanyo huo ndio unaoumiza zaidi kuliko vijidudu. Mkusanyaji anaambiwa "imekataa" na hana cha kuuliza. Hakuna sampuli iliyobaki bomani, hakuna saa iliyoandikwa, hajui gari lilikaa wapi. Hasara inaandikwa kwenye daftari la Isiolo, chini ya jina lake, pamoja na sukari aliyokopa kiangazi. M-Pesa, iliyoanza 2007, imeondoa shida ya kutuma pesa taslimu na dereva, lakini haikuondoa daftari. Mpokeaji naye si mkatili. Yeye anadaiwa na Eastleigh kwa njia ile ile. Mara nyingi ni ndugu, binamu au jirani wa zamani, na ndiye aliyemlipia huyo mama teksi ya hospitali mwaka jana. Biashara hii inasimama juu ya uaminifu, na mtu haudai risiti uaminifu.

Hata hivyo kijikaratasi si tusi. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba mtungi uliopita kipimo cha kuchemsha barabarani, mbele ya wawili, unaandikwa alama na saa. Ukikataa Isiolo ndani ya muda wa kawaida wa safari, mkusanyaji na mpokeaji wanagawana pengo nusu kwa nusu. Gari likichelewa zaidi ya saa mbili, nauli ya mtungi huo inasamehewa. Ambao haukupimwa, mkusanyaji abebe. Kwa mitungi miwili ya kisa chetu, pengo la 2,400 lingekuwa 1,200 kwa kila mmoja, na faida ya 1,200 ingebaki bomani. Pia kitambaa chekundu kingekuwa na maana: nyumba ipi, mtungi umejazwa saa ngapi, una maziwa ya jioni au hauna. Msichana wa darasa la sita anaweza kuandika hayo kwenye daftari la shule kwa dakika chache.

Vijana wanaokama waingizwe kwenye mpango huu, vinginevyo akina mama watabeba makosa ya kiwele milele. Kunawa mikono, kupangusa chuchu kwa kitambaa kibichi, kukama pembeni mavumbi yakiwa yametulia, kutenga maziwa ya ngamia mwenye kiwele kigumu au chenye moto, na kulegeza kamba za chuchu. Yanapotengwa, maziwa hayo yasirudi kwa watoto wa nyumbani kama zawadi. Na ya kunywewa nyumbani yachemshwe, ingawa wengi wanayapenda mabichi, kwa sababu homa ya brusela hupita kwenye maziwa mabichi na huwachosha akina mama hawa miezi mingi kwa maumivu ya viungo wanayoyadhania ni ya kazi.

Linalobaki gumu ni msimu. Mvua zikikosekana mifugo inahamia fora, yaani kambi za malisho za mbali, kilomita nyingi kutoka barabarani, na maziwa yanakuwa haba hasa wakati bei iko juu. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana. Mapema 2023 watu milioni 4.4 nchini Kenya walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na wakusanyaji wengi hawakuwa na cha kukusanya. Novemba 2023 yakaja mafuriko yaliyokata barabara nyingi za kaskazini, maziwa yakawepo na gari likakosekana. Kwenye fora, pikipiki hubeba mitungi mitatu na kutumia saa tatu kufika njiani. Saa tatu hizo ni kinga yote ya maziwa safi. Mtungi unaotoka fora ufike barabarani ukiwa wa alfajiri pekee, lita 10 si 20, umefungwa gunia bichi, na mpokeaji ajulishwe kwa simu uuzwe Isiolo siku hiyo hiyo, usipandishwe basi la Nairobi.